Maji ya Slimani

Kila Ijumaa Zulikha alijaza maji kibakuli cha jiwe kichwani mwa kaburi la mwanawe, Slimani, na kila Ijumaa iliyofuata alikikuta kikavu. Ndege wamekunywa, thawabu imemfikia mtoto. Lakini tangu Wafaransa wachimbe makaburi ya nje ya mji wa Aljeri wapitishe barabara yao, kibakuli kilibaki kando ya shimo tupu, na maji yake hayakupungua. Ndege walitua ukingoni, wakatazama, wakaruka.

Alichotaka ni kimoja tu: mifupa ya mwanawe irudi ardhini.

“Iko bandarini,” shemeji yake Kaddur, mpakiaji wa meli, alimwambia siku moja bila kumtazama. “Tunapakia magunia. Mepesi, yanagongagonga. Nikadhani ni kuni.”

“Mguu wake wa kushoto ulipinda alipoanguka darini. Ungeujua.”

“Shemeji, magunia mia tatu! Nifungue moja moja, mlinzi ananishikia kahawa?”

“Wanaipeleka wapi?”

“Kwao. Wanaichoma, makaa yake wanachujia sukari. Bila hivyo haiwi nyeupe.”

“Na sisi tulidhani wamefuata hazina ya Dei, mtawala wetu.”

“Hiyo waliimaliza siku nyingi. Hawa ukiwaachia kivuli chako, watakitafutia soko.”

Miezi miwili baadaye Kaddur alikuja na pande la sukari, refu, limechongoka juu, limefungwa karatasi ya buluu. Nahodha wa meli iliyopeleka magunia yale alikuwa amerudi, akawagawia wapakiaji. Zulikha alilipakata. Lilikuwa jeupe mno, na baridi, ingawa Kaddur alikuwa amelibeba juani.

Kaddur akainua nyundo.

“Usilivunje!”

“Ni sukari tu, shemeji.”

“Una hakika?”

Kaddur aliishusha nyundo polepole.

Ijumaa hiyo Zulikha alilivika sanda, akalilaza shimoni, akalielekeza kibla. Kaddur alifukia, na safari hii hakuwa na mzaha wowote. Kisha Zulikha akajaza kibakuli mpaka ukingoni.

Hawakuwa wamefika hata kwenye barabara mpya alipogeuka. Ndege walikuwa wamejaa juu ya kaburi, wamesongamana bega kwa bega, na hakuna hata mmoja aliyelia. Walipoinuka, kibakuli kilikuwa kikavu.