Wiki Mbili za Kukataa Kijiko

Kijiko kiligonga meno yake, supu ikamwagika kidevuni. Mama akageuza uso kuelekea ukutani.

"Mama, kunywa basi. Vijiko viwili tu." Sauti iliyonitoka haikuwa ya kubembeleza. Ilikuwa ya mtu aliyefua mashuka mara tatu tangu asubuhi.

Ilikuwa wiki ya pili hagusi chakula. Miezi saba nyuma kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia, pamoja na maneno yake yote. Mimi, kifungua mimba, nisiye na mume wala mtoto wa kusingizia, ndiye niliyeachiwa kazi. Nilimwogesha, nikamgeuza, nikampaka mafuta visigino visije vikachubuka. Majirani walinisifu. Mdogo wangu wa kike alipiga simu kila Jumapili, na Jumapili ile akaniambia taratibu, "Dada, Mama amechoka na dunia. Usimlazimishe."

Aibu yangu ni kwamba maneno yale yalinipa nafuu. Nilianza kuufikiria usingizi nitakaoulala yote yakiisha.

Kesho yake alikuja muuguzi wa kumpima presha, mwanamke mnene asiyependa porojo. Alipomaliza, akanusa hewa, akainama, akawasha tochi ya simu.

"Mama yangu, hebu nione kinywa."

Mama akafungua, machozi yakimchuruzika. Kwenye shavu lililopooza kulikuwa na chakula kilichoganda siku nyingi. Nyuma yake jino lilikuwa limevunjika, na ufizi umevimba, umejaa usaha.

"Unampigisha mswaki mara ngapi?"

Sikuwa nimempigisha hata mara moja. Ile harufu niliisikia kila siku. Nilidhani ndivyo wagonjwa wanavyonuka.

"Hajakataa kula, dada," alisema muuguzi. "Anaumwa jino."

Daktari wa meno aling'oa mawili, akampa dawa za kukausha usaha. Kisha akanifundisha: mkalishe wima, mswaki laini, dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, futa na ndani ya mashavu kwa kitambaa safi, asubuhi na kabla ya kulala. Alieleza bila kunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Siku ya nne Mama alimaliza bakuli. Nilipomweleza mdogo wangu kwenye simu, nilimsikia akipenga kamasi. Habari ya Jumapili ile hatukuigusa tena.

Mama aliishi miaka mitatu zaidi. Sitasema uchovu uliisha. Kuna jioni nilimsugua meno kama ninayesugua sufuria. Jioni moja kama hiyo alining'ata kidole. Si kwa nguvu. Alikishikilia tu kati ya meno yaliyobaki, jicho lake zima limenikazia.

"Nimekosa, Mama," nikasema.

Kisha akaachia kidole, akapanua kinywa nimalizie.