Mtani wa Mwanakombo na Ukuta wa Uhuru

Shafii alikuwa na kazi moja asiyoikosa, nayo ni kumtukana Mwanakombo hadharani. Koo zao ni za utani tangu babu zao. Hata siku mumewe Mwanakombo alipozikwa, Shafii alijilaza kaburini akidai ile nafasi ni yake, mpaka mjane akacheka na machozi yake usoni.

Basi kikao cha kamati ya sherehe za Uhuru kilipomchagua Mwanakombo awaongoze wanawake kupamba ukuta wa zahanati kwa udongo mwekundu na mweupe, kama wanavyopamba nyumba zao, Shafii angekaaje kimya?

"Mkimbizi huyu? Arudi kwao ng'ambo ya Ruvuma, akapake huko!"

Watu waliangua kicheko. Mwalimu Dickson, mwenyekiti wa kamati, hakucheka. Ndiyo kwanza amehamia kutoka Mbeya, hajui nani anamtania nani. Kesho yake kamati ikatangaza kwamba Mwanakombo akae kando kwanza, mpaka uraia wake ueleweke.

Ni kweli alivuka mto mgongoni kwa mama yake, wakati wa vita vya Msumbiji. Lakini ameolewa hapa, amezaa hapa, amezika hapa. Shafii alikwenda kwake, akamkuta anamenya muhogo, akasubiri naye amtukane kama kawaida yao.

"Karibu, Shafii," alisema Mwanakombo, basi.

Neno hilo lilimuuma Shafii kuliko matusi ya miaka yote.

Kikao kilichofuata, Shafii akasimama. "Mwalimu, ule ulikuwa utani."

"Utani wa kumfukuza mtu nchini?"

"Huohuo. Ukinisikia namsifu, hapo ndipo ushtuke. Sasa nasema kweli: huyu mama ni wa hapa."

Watu wakacheka, wakingoja tusi lifuate. Halikufuata.

"Jamani, leo sitanii."

Vicheko vikazimika kimoja kimoja. Mwalimu alimgeukia Mwanakombo, aliyekaa nyuma. "Mama, niwie radhi, sikuelewa. Kazi ni yako, kama bado unaitaka."

Mwanakombo alikuwa anamtazama Shafii tu. "Hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Hilo ulilosema. Unitazame."

Shafii alimtazama. "Wewe ni wa hapa, dada yangu."

Mwanakombo akakaza kanga kiunoni.

"Mwalimu, wanawake waje kesho asubuhi. Udongo atatuchimbia nyani huyu."

Shafii akashusha pumzi.