Sauti ya Fundi Pini

Fundi Pini alikuwa amepiga magoti akipima pindo la gauni la mwalimu, pini zimebanwa midomoni kama kawaida yake, wimbo ule ulipoanza redioni. Sauti yake ikaondoka katikati ya neno. Mwalimu hakushtuka. Alisubiri wimbo uishe, kama mtu anavyosubiri umeme urudi.

Mtaa mzima ulishazoea. Wimbo ukipigwa, sauti ya Fundi Pini huenda kuimba, kwa kuwa inayosikika humo ni yake. Zamani, akiwa binti, aliitwa studio kumpunguzia mwimbaji maarufu, Malkia, gauni la kupigia picha ya jalada la santuri. Malkia alikuwa amekaukwa na sauti. Mpiga gitaa akasema, "Hebu imba wewe, dada, tujaribu mitambo." Akaimba palepale, pini mdomoni. Kile kimluzi cha kwenye kiitikio, ambacho watu wazima na akili zao hukiiga harusini, ni pumzi inayopita kati ya pini. Sauti hiyo ndiyo iliyotolewa, lakini jaladani akawekwa Malkia. Fundi akapewa soda, na soda yenyewe ya moto. Tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa: aliibiwa.

Siku hiyo ya gauni la mwalimu, redio ilikuwa na kipindi cha visa vya nyimbo za zamani, Malkia mwenyewe yumo studioni. Mtangazaji akasema anayejua siri ya kile kimluzi apige simu.

"Leo ndiyo leo," akasema wifi yake, aliyekuwa akishona vifungo. "Piga!"

Fundi Pini alikuwa amesharudiwa na sauti. Akatemea pini kiganjani. "Sitaki kitu chao. Waseme tu ni mimi. Mara moja, nami niko hai nasikia."

Simu ikapokelewa. "Karibu, mama, uko hewani," akasema mtangazaji, na kama wafanyavyo watangazaji, akauweka wimbo kwa chini umsindikize.

Sauti ikaondoka. Fundi Pini akafungua mdomo, akafumba, akafungua tena. Wifi akampokonya simu.

"Huyo anayeimba ndiye huyu hapa!"

"Mbona hasemi mwenyewe?"

"Atasemaje na ninyi mnamwimbisha?"

Mtangazaji akacheka, akakata. Malkia akaeleza kwamba kimluzi kile ni mwanya aliojaliwa na Mungu. Meno ya Malkia yamebanana kama punje za hindi, nchi nzima imeyaona. Wakampigia makofi.

"Hana haya!" wifi akafoka. "Hana hata chembe!"

Wimbo ukaisha. Sauti ikarudi, imechoka kidogo.

"Ni mimi," Fundi Pini akaiambia simu iliyokwisha kukatika.

"Pole, fundi," mwalimu akasema.

Fundi Pini akarudisha pini midomoni. Redioni wakatangaza kwamba, kwa maombi ya wasikilizaji wengi, wimbo unarudiwa.

"Haya, geuka tumalizie nyu…"

Mwalimu akavuta stuli, akakaa polepole asichomwe na pini.