Mabati ya Auhyalaya

Boti la msaada lilipofungwa kwenye mabaki ya gati, watu wa Auhyalaya walikuwa wamesimama topeni tangu alfajiri. Kimbunga cha kwanza kiling'oa mapaa. Cha pili, wiki mbili baadaye, kikachukua kuta. Sasa kijiji kizima cha Wamiskito, wenyeji wa asili wa pwani ile, kililala kanisani kwa Wamoravia, na kanisa lenyewe lilibakiwa na nusu paa.

Nelvia Pantin alishuka wa kwanza. Hapa ndipo alipozaliwa, na mradi wa msaada ulimwajiri kuwa mkalimani, kwa kuwa Bwana Arguedas, mkuu wa ugawaji, alijua Kihispania tu. Kimiskito hakujua hata cha kuombea maji. Nelvia alimtafuta mama yake kwa macho, akamwona ameegemea mnazi uliokatika kichwa, anakohoa.

"Waambie waweke dole gumba hapa kuthibitisha wamepokea," Arguedas alisema akimkabidhi hati. "Kisha wachukue mchele na mabati. Usiwachoshe na mengine."

Mjini Nelvia alikuwa ameiomba hati hiyo mara mbili, akaambiwa ataiona hukohuko. Aliisoma upesi. Kifungu cha sita kikamsimamisha: mpokeaji anakubali kuhamia bara mahali atakapopangiwa, na hatakuwa na dai lolote juu ya ardhi anayoiacha.

"Bwana, hapa pameandikwa kuhama."

"Maneno ya wanasheria hayo. Yaone mawingu yale! Tunataka kuondoka kabla ya mvua."

Bibi Ruphina, mkuu wa kijiji, alisogea mbele. "Mwanangu, mbona kimya? Karatasi imekung'ata ulimi?"

Watu wakacheka kidogo. Nelvia alimsikia mama yake akikohoa tena. Kazi hii ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wanawe. Angeweza kusema "wekeni dole" tu, na kabla ya jua kuzama mama yake angelala pakavu.

Akakisoma kifungu cha sita kwa Kimiskito, neno kwa neno.

Kicheko kilikatika. Wa kwanza kusema alikuwa Waldin, aliyekuwa mzamiaji wa kambakoche mpaka shinikizo la maji lilipomlemaza miguu.

"Mimi naweka dole. Ardhi hailiwi. Wanangu wananyeshewa."

"Na huko bara utavua nini, Waldin?" Bibi Ruphina alimuuliza. "Mawe?"

"Bahari imeshanichukulia miguu, bibi. Nivue nini tena?"



Arguedas alizisoma nyuso. "Umewaambia nini?"

"Kilichoandikwa, bwana."

"Nilikutuma hivyo?" Akawageukia wapakuaji. "Rudisheni kila kitu ndani! Asiyeweka dole hapati."

Gunia la kwanza lilipoinuliwa, Bibi Ruphina alipita katikati yao, akapanda botini, akaketi juu ya mchele. Wanawake wakamfuata mmoja mmoja, mama yake Nelvia akiwa wa nne. Mlinzi wa boti alishusha bunduki begani, akaishika kwa mikono miwili. Alikuwa kijana mdogo.

"Washushe," Arguedas alimwamuru.

Nelvia akajikuta amesimama mbele ya ule mtutu. "Mama yangu yumo humo," alimwambia mlinzi. "Yule anayekohoa." Kijana alimtazama mama, akamtazama Arguedas, asisogee.

Ndipo Lestel, nahodha, mtu wa pwani hiyohiyo, alipotoa mkono dirishani na kumnyooshea Nelvia kipaza sauti cha redio.

"Vijiji vitano vinatungoja mbele, binti. Wote wako hewani. Wasomee na wao."

"Weka hicho chini!" Arguedas alifoka.

"Nitasoma vifungu viwili, bwana," Nelvia alisema. "Cha kwanza kinasema msaada ni wa kila aliyeathirika, bila sharti. Kisha cha sita. Wasikilize, waamue wenyewe."

Arguedas alifuta jasho. Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya karatasi. Akatoa kalamu.

"Nakifuta cha sita. Mmeridhika?"

Nelvia alitafsiri. "Mwambie aweke na sahihi," Bibi Ruphina alisema kutoka juu ya gunia. "Kila nakala. Tuna nafasi, hatuna pa kwenda."

Akaweka sahihi, nakala baada ya nakala. Alipomaliza alimwambia Nelvia, "Ofisini usikanyage tena."

Nelvia aliitika kwa kichwa, akakibonyeza kipaza sauti, akasoma. Aliwaeleza pia kwamba hapa kifungu cha sita kimefutwa, nao wadai hivyo hivyo. Redio ilikoroma. Sauti ya mwanamke kutoka kijiji cha tatu ikajibu, "Tumesikia. Rudia polepole, kuna wazee."

Bibi Ruphina aligawa mabati mwenyewe, akianza na nyumba ya Waldin. Nelvia ndiye aliyeyapeleka hadi kwenye nguzo zilizobaki. Waldin hakumshukuru.

"Yule bwana angeondoka," alisema, "wanangu wangelala mvuani kwa ajili ya ulimi wako."

"Najua."

Waldin akamsogezea kopo la misumari. "Shika bati upande ule basi. Upepo unainuka."