Jicho la Kinyozi Jinadasa

Asubuhi ya siku ya kwanza ya mechi ya tatu, kinyozi Jinadasa alifunika kioo cha duka lake kwa shuka, akawasha televisheni iliyotundikwa juu ya mlango, kisha akaipa mgongo. Mteja aliyekuwa kitini alitazama shuka. Waliokaa kwenye benchi la pembeni walitazama televisheni na kumweleza Jinadasa yanayotokea. Kwa kuwa hakuweza kuzunguka mbele ya mteja bila kuelekea mlangoni, kila aliyenyolewa siku za kriketi alitoka na sharafa, nywele za mbele ya sikio, moja ndefu kuliko nyingine. Mtaani kwetu, ndani ya ngome ya Galle, sharafa hizo zilikuwa sehemu ya msimu, na hakuna aliyerudi kulalamika.

Mfululizo ulikuwa wa mechi tatu, kila moja ya siku tano, na tuliufuata roho mkononi. Waingereza walichukua ya kwanza kwa mikimbio tisa, ndiyo mabao ya kriketi. Sisi tukachukua ya pili jua likiwa limebakiza robo saa. Hii ya tatu ilichezwa hapa kwetu, kwenye uwanja ulio chini ya ukuta wa ngome, dakika nne kwa miguu kutoka dukani, kwa hiyo shangwe za uwanjani zilimfikia Jinadasa kabla televisheni haijaonyesha kilichoshangiliwa.

Jinadasa alikuwa na jicho. Hilo lilijulikana mtaani kama inavyojulikana kwamba fulani ana kisukari. Mpigaji wetu yeyote ambaye Jinadasa alimtazama akiwa ameshika gongo la kupigia mpira alitolewa kwa mpira uliofuata. Picha za gazetini hazikuwa na madhara. Kioo kilihesabiwa nusu: mwaka mmoja alimwona nahodha kiooni kwa bahati mbaya, na nahodha hakutolewa, ila alivunjika kidole.

Halikuwa jicho la husuda. La husuda tunalijua na dawa yake ipo: pilipili kavu saba na chumvi ya mawe, unazungusha juu ya kichwa cha mtu, unatupa motoni. Mkewe, Leelawathi, alichoma pilipili mpaka majirani wakaugua kikohozi, na jicho likabaki vilevile. Mwishowe walikwenda hekaluni. Mtawa alisikiliza, akanywa chai ya rangi na kipande cha sukari guru, akauliza Waingereza wanapotazamwa huwa wanakuwaje. Jinadasa alisema aliwahi kumtazama mmoja kutwa nzima, naye akapiga mikimbio mia na arobaini.

"Basi jicho lako linamwangusha unayempenda tu," mtawa alisema. "Hiyo dawa yake, kutoshikamana na mtu wala kitu, tunaifundisha hapa kila siku, na bado sijaona aliyepona."

Yote hayo yangekuwa kichekesho cha mtaa kama Jinadasa asingekuwa na mtoto. Mwanawe wa pekee, Sasanka, alikuwa mpigaji wa timu ya taifa kwa miaka kumi na mitatu. Jinadasa alimtazama akicheza siku moja tu, Sasanka akiwa na miaka minane, kwenye uwanja wa shule. Katika mchezo ule wa watoto, aliyetolewa aliruhusiwa kurudi. Alimtazama mara tatu, akatolewa mara tatu. Kocha akamwomba kwa adabu asimame nyuma ya tangi la maji. Huko nyuma ya tangi Jinadasa alihesabu makofi mpaka mikimbio arobaini. Jioni mtoto alimuuliza kama alikuwa akitazama, naye akasema hapana.

"Asante, baba," Sasanka alisema, akaenda kunawa miguu.

Tangu hapo Jinadasa alijihadhari. Aliacha kumtazama akifanya mazoezi uani. Kisha aliacha kumtazama kila alipokuwa ameshika gongo, na mtoto yule alishika gongo wakati wote, hata mezani alilipakata, kwa hiyo baba alizoea kutazama sahani. Sasanka alipofika miaka kumi na mitatu alichukuliwa bweni Colombo. Alirudi likizo, akaondoka, akawa mtu mzima, akawa maarufu. Jinadasa aliufuata kila mkimbio wake kwa masikio. Alijua kutoka kwa watu wa benchi kwamba mwanawe anapiga taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mgonjwa. Hakuwahi kuliona pigo lenyewe.

Sasa Sasanka alikuwa na miaka thelathini na mitano, na alikuwa ametangaza kwamba mechi hii ndiyo ya mwisho. Baada ya siku hizo tano hapangekuwa na mpigaji wa kutazamwa. Usiku wa kuamkia mechi alipiga simu nyumbani.

"Njoo, baba. Nikitolewa, nitolewe."

"Mfululizo uko sare, mwanangu. Nchi nzima inakutegemea."

"Najua," Sasanka alisema, kisha akaomba kuzungumza na mama.

Siku tatu za kwanza zilikwenda hivyo, shuka kiooni na mgongo mlangoni. Sasanka alipiga sitini na moja. Mteja aliyekuwa kitini muda huo alitoka kipara, maana Jinadasa hakuthubutu kusimamisha mkasi, na mteja akasema kwa ajili ya mikimbio sitini na moja angetoa na nyusi.

Siku ya nne Mwingereza mmoja aitwaye Garside alisimama uwanjani asubuhi na akakataa kutoka. Warushaji wetu walimrushia kila walichokuwa nacho. Saa sita mchana Kulasiri, muoka mikate na mwenyekiti wa Kamati ya Mashabiki, aliingia dukani na wanakamati wanne.

"Jinadasa bwana, huyu Garside ametuganda kama kupe. Kamati imekaa, imeamua umpende."

"Nimpende?"

"Kidogo tu. Mpaka saa ya chai ya alasiri."

"Kupenda si tairi la baiskeli, Kulasiri, useme nitie upepo."

"Sisi tutakuletea habari zake. Wewe sikiliza, moyo utajua wenyewe pa kwenda."

Habari zikaanza kuletwa. Mpishi wa hoteli alisema Garside anakula wali kwa mkono na hamwagi. Dobi alisema anakunja shuka zake mwenyewe. Dereva wa bajaji alisema anaimba vibaya na anajua kwamba anaimba vibaya. Jinadasa alikubali kuwa huyo ni mtu mwema, akageuka, akamtazama. Garside akapiga mpira ukavuka mpaka.

"Bado," Kulasiri alisema. "Huo ni uungwana tu. Nani ana jingine?"

Mama anayefagia vyumba vya wachezaji alikuwa amesimama mlangoni. Alisema Garside alimwonyesha picha ya baba yake, na kwamba baba huyo alikufa bila kumwona mwanawe akicheza hata siku moja, kwa sababu ya kazi za safari. Alisema Garside akifikisha mikimbio hamsini huwa anageuka upande mmoja wa jukwaa, halafu anakumbuka, halafu anajifanya alikuwa akitengeneza helmeti.

Mkasi wa Jinadasa ulisimama. Kisha aligeuka akamwona kijana mrefu, pua imebabuka kwa jua, akigusa helmeti yake kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Jinadasa alimwonea huruma. Alitamani amwambie aendelee kupiga. Mpira uliofuata uling'oa viwili kati ya vijiti vitatu alivyokuwa akivilinda, akatolewa.

Mtaa ulilipuka. Kulasiri aligawa mikate bure. Leelawathi, aliyekuwa amemletea mumewe chakula cha mchana, aliweka bakuli juu ya meza ya wembe.

"Baba Sasanka," alisema, "umempenda mtoto wa watu ndani ya saa moja na nusu."

Jinadasa alisema ni kwa ajili ya timu. Leelawathi akaenda zake.

Siku ya tano tulihitaji mikimbio mia mbili na kumi. Baada ya saa ya chai wapigaji wetu tisa walikuwa wameshatolewa, ikabaki mikimbio kumi na minne, akitolewa mmoja zaidi tumeshindwa, na waliobaki uwanjani walikuwa Sasanka na mrushaji mmoja aliyeshika gongo kama ufagio. Leelawathi alirudi dukani, safari hii bila bakuli. Alivaa sari yake ya hekaluni.

"Twende juu ya ngome," alisema.

"Mama Sasanka, unanitakia nini? Nikiteleza jicho, watu hawa watanichoma."

"Kaa uyaelekee mapaa ya nyumba kama unaogopa. Lakini uwepo."

Walikwenda. Ukuta wa ngome ulikuwa umejaa watu, bendi ya tarumbeta na ngoma ilikuwa imenyamaza kwa hofu. Walipomwona Jinadasa walifanya njia na kumkalisha akiwa ameupa uwanja mgongo, na Kulasiri akakaa kando yake kumlinda, naye ameupa uwanja mgongo, mabega yakigusana. Kwa hiyo katika ngome nzima watu wawili tu hawakuona kitu, na mmoja wao alikuwa amejitolea.

Kutoka pale Jinadasa aliisikia sauti ambayo televisheni haikuwahi kumpa: gongo la mwanawe likikutana na mpira. Ilikuwa sauti ndogo, kavu. Aliisikia mara mbili. Uchungu wa miaka ishirini na saba ulimjia kwa mkupuo, naye akaelewa kwamba sauti hiyo haitarudiwa, na kwamba kombe likipatikana litakaa kwenye kabati la mtu mwingine. Aliamua mwanawe atolewe, nchi ishindwe, na yeye amwone. Akasimama, akageuka.

"Jinadasa, usifanye hivyo," Kulasiri alisema, lakini alisema polepole, maana yeye pia aligeuka kuangalia.

Alimwona mwanaume mnene kiasi, mwenye mvi shingoni chini ya helmeti. Nywele za kisogoni zilikuwa zimenyolewa vizuri na mtu mwingine. Jinadasa alisubiri. Mpira ulikuja, mwanaume yule akaufungulia njia taratibu, ukavuka mpaka. Mikimbio minne. Jinadasa alifikiri jicho limezeeka, linachelewa. Alikaza macho. Mpira wa pili, mikimbio miwili. Wa tatu ulipita baina ya gongo na vijiti, nafasi ya kupitisha sarafu, usiguse kitu.

Hapo Jinadasa, ambaye alikuwa ameifuata timu hii tangu ilipokuwa inashindwa kila mwaka, aliomba ishindwe. Aliomba kwa moyo wote vijiti vile vianguke. Alimtazama mwanawe bila kupepesa, akimtafuta kifuani mwake mwenyewe kama mtu anayepapasa mifuko, na mwanaume yule akapiga minne tena, kisha akapiga minne ya mwisho, na mfululizo ukawa wetu.

Ilichukua muda kabla mtu hajagundua Jinadasa ameelekea wapi.

"Alikuwa anatazama," Kulasiri alisema. "Nimemwona. Mipira yote mitano, macho makavu, na hakuna kilichotokea. Jamani, mzee amepona."

Wakambeba juu kwa juu. Tarumbeta zikaanza. Chini uwanjani Sasanka alikuwa akizunguka na kuinua gongo kwa watu wa kila upande, na alipofika upande wa ngome alimwona baba yake mabegani mwa watu, uso wazi, akimtazama. Sasanka aliijua kanuni ya jicho lile tangu akiwa na miaka minane: humwangusha anayependwa. Gongo lilishuka. Kisha alikumbuka kamera, akaliinua tena.

Jioni alikuja nyumbani. Leelawathi alipika wali wa nazi, akaukata vipande vya mraba kama inavyofanywa siku za heri, na sambali, kachumbari ya pilipili, pembeni. Sasanka alikula vizuri. Alimshukuru baba yake kwa kuja, kwa sauti anayotumia kuwashukuru wageni, na baba akasema hapana shida. Hawakugombana. Leelawathi aliondoa sahani na kukaa jikoni muda mrefu kuliko sahani tatu zinavyohitaji.

Tangu wakati huo shuka limeondolewa kiooni na sharafa za mtaani kwetu zinalingana. Jinadasa amepewa kiti cha mbele juu ya ngome, na anatazama kila mpigaji wetu kwa uhuru, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao ambaye yeye anamjali tena. Ila Waingereza walipokuwa wakicheza kwingineko, na televisheni ikawa wazi dukani, Garside alitolewa kwa mpira wa kwanza. Mechi iliyofuata alitolewa hivyohivyo. Jinadasa aliomba wazime. Kulasiri alisema ni bahati mbaya tu, kijana ameshuka kiwango.

Wiki moja baadaye Jinadasa alikwenda kwenye duka la mikate, akangoja wateja waishe.

"Kulasiri, naomba kamati inisaidie tena. Niletee habari za mtu, kama mlivyoniletea zile."

"Za nani? Hakuna mfululizo sasa hivi."

"Za Sasanka. Anakula nini. Anaimba nini. Kitu chochote."

Kulasiri alipangusa unga mikononi. Hakuona ajabu, katika kazi yake ya uenyekiti ameombwa mengi.

"Mikimbio elfu nne mia sita na kumi na miwili," alisema. "Mara tisa alivuka mia. Mkono wa kulia."

"Hayo nayajua."

Kulasiri alifikiri sana, mkate mmoja ukaanza kuungua ndani. Alijaribu kukumbuka kijana yule alikuwa akija kununua nini, na kama alikuwa akicheka. Mwishowe alimwambia Jinadasa ukweli, kwamba mtaa mzima ulimtazama Sasanka miaka kumi na mitatu na zaidi ya hayo haujui kitu.