Jiwe Katika Mkoba wa Wakili

Wakili Orihara alifika kwetu, mjini Yonago, siku ya mvua kubwa. Kabla ya kukanyaga mikeka yetu alikaa mlangoni, akavua soksi zilizolowa, akatoa nyingine kavu mkobani akavaa. Hilo nililiona, nikalipenda. Lakini chai yangu hakuigusa, na Chisato, mke wa mwanangu, alipomnyooshea mtoto, alirudisha mikono nyuma.

"Samahani," alisema. "Mimi simbebi."

Tangu hapo sikumwamini.

Mtoto ni Fumi. Alizaliwa na binti anayeitwa Nagisa, akaletwa kwetu kitovu hakijakauka. Mwanangu Kiyotaka na mkewe walikuwa wamesubiri mtoto mpaka mvi zikawaanza. Lakini kwetu mama mzazi hawezi kuridhia mtoto awe wa wengine mpaka mtoto huyo atimize miezi miwili, na hata akishatia sahihi mahakamani, ana wiki mbili za kubadili mawazo. Kwa hiyo tulimlea Fumi kama kitu cha kuazima. Simu ikilia, Chisato alikuwa anashika ukuta.

"Nimezungumza na Nagisa, mbele ya mama wa ustawi wa jamii," wakili alisema siku hiyo. "Nimemwambia tena kwamba anaweza kukataa. Nimemwambia pia atafute wakili wake mwenyewe."

Niliweka birika chini. "Mwanangu, hebu nieleweshe. Wewe ni wakili wa nani?"

"Wa Kiyotaka na Chisato."

"Sasa mbona unamfundisha yule namna ya kutunyang'anya?"

"Mama!" Kiyotaka aliona aibu.

"Niache niulize. Mimi mzee, adabu zimeshaniishia."

Orihara akatabasamu kidogo. "Afadhali uulize, Bibi. Wengine husubiri nivae viatu ndipo wanisengenye."

Wiki iliyofuata nilikwenda kununua samaki karibu na stesheni. Kupitia dirisha la mkahawa nikamwona Orihara, na mama wa ustawi, na binti mmoja ambaye mdomo wake ulikuwa ule ule wa Fumi. Binti alinyoosha kwa mikono miwili kitu kilichofungwa kitambaa. Wakili akatikisa kichwa. Akatikisa tena. Binti hakushusha mikono, kichwa kimeinama. Mwisho wakili akakipokea, akakisukumia mkobani haraka, kama mtu aliyeiba.

Nilirudi nyumbani bila samaki. Chisato sikumwambia, alikuwa na yake ya kutosha. Lakini kichwani nilikuwa nimeshamaliza kesi: wamepatana, na sisi tunachekewa.

Orihara alipokuja tena, alieleza habari za mahakama kutoka mwanzo hadi mwisho, na juu ya lile furushi hakusema neno. Mkoba ulikuwa kando ya goti lake. Sikuuondolea macho.

"Wakili," nikasema, "humo ndani mna nini? Nilikuona stesheni."

Chisato akamvuta Fumi kifuani. Orihara akawa mwekundu mpaka masikioni. Akatoa furushi, akalifungua. Lilikuwa jiwe dogo jeusi, laini, la kuokotwa hekaluni.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwetu, siku ya mia tangu kuzaliwa, mtoto huandaliwa mlo wake wa kwanza, asioula. Mkubwa wa nyumba humgusisha chakula midomoni, kisha hugusa jiwe kwa vijiti vya kulia na kumgusa navyo kwenye fizi, meno yake yaje kuwa magumu hivyo.

"Anataka aje amwandalie mwenyewe," Chisato akanong'ona. "Anamtaka mwanawe."

"Sijui," Orihara alisema. "Sikumuuliza, ningekuwa namchokonoa. Ila kosa ni langu. Kabla ya sahihi sitakiwi kupokea kitu kwake kuwaletea ninyi. Mtu atasema tulikuwa tunapatana. Lakini hakushusha mikono. Nilishindwa. Nitamrudishia, na nitamweleza ofisa wa mahakama. Huenda shauri likachelewa. Mkitaka wakili mwingine, nitaelewa."

"Si unyamaze tu?" Kiyotaka akauliza. "Jiwe hilo! Nani atajua?"

"Nagisa atajua. Ipo siku atamkumbuka mtoto, aseme wakili wao alimbembeleza. Nataka sahihi ambayo hakuna atakayeitikisa. Ndiyo kazi mliyonipa." Akanigeukia. "Na ndiyo maana simbebi Fumi, Bibi. Nikishamnusa, nitakwendaje kumwambia mama yake kwamba anaweza kumchukua?"

 Nilimwaga chai iliyopoa nikammiminia nyingine. Hatukumbadilisha. Maneno yake niliyaamini. Jiwe sikuliamini bado: anayetuma jiwe huenda anamtaka mtoto.

Shauri lilichelewa kweli. Ofisa alimwita Nagisa peke yake, akamuuliza yote upya. Sisi tukakaa tukisikiliza kila gari lililopunguza mwendo mbele ya nyumba. Chisato aliacha kumnunulia Fumi nguo za kuvaa akikua. Hatimaye Nagisa akatia sahihi, na zile wiki mbili zikawa mbaya kuliko miezi yote.

Simu ikalia asubuhi.

"Muda umepita," Orihara alisema. "Hakubadili. Hukumu bado, lakini yeye hawezi tena kurudi nyuma."

Chisato aliketi sakafuni jikoni na mtoto wake, akalia mdomo wazi. Kiyotaka akatoka kufagia uani, na uani palikuwa pameshafagiwa.

"Bibi yupo?" wakili akauliza. Nikashika simu. "Sasa naruhusiwa kubeba maneno. Nagisa hataki picha. Anauliza jambo moja tu. Siku ya mia, nani atashika vijiti?"

"Mwambie ni mimi. Mwambie meno yangu bado ninayo, karibu yote."

Alicheka. "Nitamwambia hivyo hivyo."

"Alipouliza, alikuwa analia?"



"Hilo ni lake, Bibi," alisema.