Matairi Laini

Mume wake hakuwa mkono wa birika, ingawa majirani walimwita hivyo akiwapa kisogo. Mkono wa birika hanunui. Yeye alinunua, tena bila kununa, ila sharti kitu kiwe cha kudumu. Kitanda chao kilikuwa cha chuma, na siku ya kukiingiza ndani wanaume wa mtaa mzima walitoka wameshika viuno. Mwavuli wake ulimzidi umri kifungua mimba wao. Watu walimwita Milele, naye aliitika kwa bashasha zote.

Mkewe, fundi cherehani, alikwisha kumzoea. Walikuwa hata na utani wao. Kila Milele aliponunua kitu, alikigonga kwa kidole, akakigeuza huku na huku, kisha akamwambia mkewe, "Hata wewe nilikukagua hivihivi." Naye alimjibu, "Mimi nilifumba macho tu." Basi walicheka mpaka chai ikapoa.

Mwaka huu utani huo ulikoma. Madaktari walimpasua mama wa watu tumboni, na sasa kila wiki ilimbidi arudi hospitali kuchomwa dawa. Alipouliza kama atapona, daktari alisema waendelee na dawa, halafu waone. Alirudi nyumbani na hilo "waone" likiwa limemkaa rohoni. Alitaka kujua jambo moja tu: je, mumewe anaamini atapona? Kumuuliza aliogopa, maana Milele hajui kudanganya hata mtoto.

Milele alikuwa msoma mita za maji, na pikipiki aliyozungukia majumba ya watu ndiyo aliyompakia mkewe. Njia ya hospitali ilikuwa mawe na mashimo matupu. Kila walipodumbukia shimoni, kidonda kilimchoma mama yule mpaka akaona nyota. Alikaza meno, hakutoa hata mguno. Mumewe alikuwa na ya kwake ya kutosha.

Kilichomkera zaidi siku hizo, au ndivyo alivyojifanya, ni mashati ya mumewe. Yote yalichanika ubavuni, kulia na kushoto, mahali palepale. Akishona leo, wiki ijayo yameachia.

"Hivi wewe unasoma mita au unapigana na mbwa wa watu?" alimuuliza.

Milele alikuna kichwa, akatoka nje kufuta pikipiki.

Ndipo tairi la nyuma likawa kipara kabisa, na la mbele halikuwa mbali. Siku hiyo wakitoka hospitali wakapitia kwa muuza matairi, jitu la miraba minne ambalo wateja walilibatiza Upepo.

"Karibu shemeji, kaa hapa kivulini," Upepo alimwambia mama, akafuta benchi kwa kiganja. Kisha akamgeukia Milele. "Wewe sikuulizi. Shida yako naijua."

Akabwaga chini tairi moja nene. "Hili gumu kama roho ya mwenye nyumba. Utastaafu, utalea wajukuu, meno yake yako palepale."

"Na lile?" Milele alionyesha kwa kidevu.

"Lile laini. Linatulia, mashimo linayameza. Lakini linalika upesi, halikufai mtu kama wewe."

Milele alichuchumaa, akaliminya moja kwa dole gumba, akaliminya la pili. Alirudia mara kadhaa. Mkewe alitabasamu peke yake kwenye benchi, maana jibu alilijua kabla halijatoka.

"Nipe laini," Milele akasema. "Mbele na nyuma."

Upepo alimkodolea macho. Kwenye benchi, tabasamu la mkewe likafutika. Mwanamume aliyenunua mwavuli wa miaka yote, leo anachagua cha kuisha upesi. Kwa nini, kama si kwamba ameshapiga hesabu zake kimyakimya? Basi hata yeye amekata tamaa.

"Chukua magumu, baba," alisema.

"Hapana. Laini."

"Tangu lini wewe ukanunua kitu cha kuisha?" Alivuta mtandio begani. "Au umeona safari zangu zimebaki chache?"

Upepo aligundua ghafla kwamba ana pampu ya kuikagua kule nyuma ya duka.

Milele alisimama kama mtu aliyezabwa kofi. Akaja akaketi kando ya mkewe, akainua mkono, akamwonyesha ubavu wa shati.

"Hapa ameshona nani?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Na aliyelichana hapa?"

"Nitajuaje mimi?"

"Ni wewe, mke wangu. Kila tukiingia shimoni unanishika hapa mpaka mshono unaachia. Mdomo umeufunga, lakini vidole vinanieleza vyote. Nimepunguza upepo wa matairi, nimefunga mto kitini, bado unanishika."

Mama alivitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Mashati yote yale! Na yeye kutwa kulaumu mbwa wa watu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanificha. Nikaona nikuache ufiche, kama ndiyo inakupa nafuu."

Mkewe alicheka na kulia kwa pamoja, akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Lakini yataisha upesi."

"Acha yaishe. Tutakuja, utakaa benchi hilihili, tutanunua mengine. Hayo nayo yakiisha tutakuja tena, mpaka Upepo atuchoke."

"Na nisipokuwepo?"

Kudanganya Milele hajui. "Naogopa," alisema. "Nalala naogopa, naamka naogopa. Lakini nikikutazama, nakuona hapa benchini. Kweli nakuona."

Mkewe aliushika mkono wake, akaukalisha mapajani. Jibu alilolitaka tangu siku ya "waone" ndilo hilo, na lilimtosha.

"Upepo!" aliita. "Tuwekee na mengine kama haya."

"Shemeji, haya yenyewe sijayafunga!"

"Wewe weka."

Matairi yalipofungwa, Milele aliyagonga kwa kidole, moja baada ya jingine, kisha akamwangalia mkewe kwa aibu, kama kijana aliyekuja kuposa.

"Sema basi," mkewe alimhimiza.

"Hata wewe nilikukagua hivihivi."

"Mimi nilifumba macho tu."

Waliondoka taratibu. Kwenye shimo la kwanza, lile kubwa la pale kwenye kona, pikipiki ilishuka, ikapanda, na kidonda kilinyamaza. Hata hivyo Milele alihisi vidole kumi vikimkamata ubavuni, akafunga breki palepale.

"Umeumia?"

"Wala," mkewe alisema, shavu lake likiwa mgongoni kwake. "Nimekushika tu. Twende."